"Mato" si "macho" yaliyoharibika

Wengi huamini kwamba maneno ya lahaja, kama "mato" (macho) na "kuteka" (kucheka) ya Mombasa na Lamu, ni Kiswahili sanifu kilichopotoshwa. Lakini usanifishaji ulifanyika miaka ya 1920 na 1930 kwa msingi wa Kiunguja, lahaja ya Zanzibar. Kimvita (lahaja ya Mombasa) na Kiamu (lahaja ya Lamu) vilikuwapo kitambo.

Ukitaka kuhakikisha, tafuta jozi za ch/t: chini/tini, cheka/teka. Kisha linganisha na lugha jirani. Kikuyu husema "maitho" na "theka". Kikamba, "metho" na "theka". Lahaja na lugha hizi zote zimerithi sauti moja ya kale, kila moja kwa njia yake. Tahadhari: maneno ya kigeni huvuruga ulinganisho huu. "Chai" hubaki chai hata Mombasa. Hakuna anywaye "tai"!