Tezi dume haiponi? Niambie habari za pua

Alikuja kliniki na mpira wa mkojo umefungwa pajani, mzee wa miaka hamsini na kitu. Alishamaliza dozi tatu za antibayotiki kwa uvimbe wa tezi dume, na kila mkojo wake ulipooteshwa maabara, bakteria hawakuonekana. PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, ilikuwa juu, basi nyumbani walishaanza kulia saratani. Nikiwa nasoma faili lake akatoa leso, akapenga. Kwenye leso likabaki gamba gumu la kahawia, lenye damu.

"Mzee, pua hii ina muda gani?"

"Ah, daktari, hayo mafua tu. Mwaka wa pili huu."

Hapo nikaweka kalamu chini.

Kuna ugonjwa uitwao granulomatosisi yenye poliangiitisi. Kinga ya mwili inageuka na kushambulia kuta za mishipa midogo ya damu. Mishipa inavimba, damu haipiti vizuri, nyama inayoitegemea inakufa. Kawaida hushika pua, mapafu na figo. Tezi dume huguswa mara chache mno, lakini ikiguswa huvimba, hubana njia ya mkojo, na PSA hupanda bila saratani yoyote. Zamani uliitwa kwa jina la Friedrich Wegener, Mjerumani aliyeueleza mwaka 1936 na 1939. Uanachama wake katika chama cha Nazi ulipojulikana, jina likaachwa mwaka 2011, na mimi naona ni haki.

Kinyama tulichokata kwenye tezi kilionyesha granuloma, yaani vifundo vya chembe za kinga. Kwetu huku neno hilo lazima kwanza likukumbushe kifua kikuu, maana nacho huingia kwenye tezi dume na kuacha alama zinazofanana. Ukimpa steroidi, dawa inayotuliza kinga, mwenye kifua kikuu kisichotibiwa, umeufungulia ugonjwa mlango. Kwa hiyo sikuandika predinisoloni, ambayo ni steroidi, mpaka vipimo vya kifua kikuu viliporudi safi. Kipimo cha damu cha ANCA, kinachotafuta kingamwili zinazoshambulia mwili wenyewe, kikatoka chanya. Kingekuwa hasi bado nisingelala, kwa sababu wapo wagonjwa ambao hakiwaonyeshi.

Kilichonitia hofu zaidi ni mkojo wenyewe: protini, na chembe nyekundu za damu zilizogandana kwa umbo la vijibomba vya figo. Mpira wa mkojo ungeweza kulaumiwa kwa damu, si kwa vijibomba hivyo. Figo zilikuwa zinaungua kimya kimya, na zinaweza kufa ndani ya wiki chache.

Tulianza predinisoloni ya dozi kubwa pamoja na saiklofosfamaidi, dawa kali ya kutuliza kinga. Rituksimabu nayo hufaa, ila bei yake ilimshinda. Zamani, kabla ya dawa hizi, wengi walifariki ndani ya mwaka mmoja. Upasuaji wa kukwangua tezi tuliuacha kando. Wiki ya tano mpira ukatoka, akakojoa mwenyewe.

Bado namwita kila baada ya miezi mitatu. Saiklofosfamaidi huumiza kibofu na inaweza kuleta saratani ya kibofu miaka mingi baadaye, hivyo siku akiona damu kwenye mkojo, nitaingiza kamera kibofuni kabla ya kusema ugonjwa umerudi.