Otto wa Wittelsbach: mshika bendera aliyeishia kupewa Bavaria

Mwaka 1155 jeshi la Kaisari Friedrich Barbarossa lilikuwa linarudi Ujerumani kutoka Roma, kufika karibu na Verona njia ikawa nyembamba, mto huku majabali kule, na juu ya majabali kuna watu na silaha zao wanadai walipwe kwanza ndo jeshi lipite. Aliyelitoa pale ni mshika bendera wa Kaisari, Otto, wa ukoo wenye ngome yao Wittelsbach huko Bavaria, kusini mwa Ujerumani. Alichukua wanaume kama 200 wakakwea mlima, wakawatokea wale jamaa kwa juu.

Huyu mtu alikuwa na hasira za karibu sana. Mwaka 1157 kule Besançon nusura amkate kwa upanga mjumbe wa Papa, eti barua ilisomeka kama Kaisari kapewa taji kwa hisani ya Papa, Kaisari mwenyewe ndo akaingilia kati. Na yule mjumbe miaka 2 baadaye akawa Papa Alexander III, jamani.

Sasa Bavaria ilikuwa ya Heinrich Simba, binamu yake Kaisari, tajiri kwelikweli. Mwaka 1176 Kaisari akamwomba askari, akagoma, Kaisari akaenda kupigwa vitani kule Legnano, Italia. Baadaye Heinrich akaitwa kwenye baraza hatokei, akaitwa tena hatokei, mwisho akanyang'anywa, na Septemba 1180 Bavaria ikaenda kwa Otto. Ila haikwenda nzima, eneo la Steiermark lilimegwa likawa nchi ya peke yake.

Miaka 3 tu baadaye Otto akafariki, mtoto wake Ludwig ana miaka kama 10 hivi. Kwangu mimi ukoo ulianzia hapa hasa, maana mama yake, Agnes, na baba zake wadogo, mmoja wao Konrad askofu mkuu wa Mainz, ndo walishikilia nchi mpaka kijana akakua. Ludwig akaja kumuoa Ludmilla, mjane wa mtawala wa Bogen, na ukoo wa Bogen ulipokwisha mwaka 1242 ile alama yao ya bluu na nyeupe ikarithiwa na Wittelsbach. Ndo hiyo hiyo unayoiona kwenye nembo ya Bayern Munich.

Wittelsbach walitawala Bavaria mpaka 1918. Ngome yenyewe wala haikufika mbali, mwaka 1208 ndugu yao mmoja alimuua Philipp, mfalme wa Ujerumani, mjini Bamberg, mwaka uliofuata ikabomolewa, leo pale kilimani kuna kanisa.