Kofia ya jino imekaa vibaya na pesa imeshakwenda: sheria inakupa njia gani?

Ofisi ya wakili hapa Tanga huishi kwa viwanja, mirathi na ajali za bodaboda. Miaka ya karibuni yameanza kuingia na madai ya meno, na mengi yanafanana. Mtu amelipa milioni na ushei kwa tiba ya mzizi (kusafisha na kuziba ndani ya jino) na kofia juu yake, yaani gamba gumu la kulifunika jino, au daraja (jino la bandia linaloshikizwa meno ya jirani), au jino la kupandikiza, na kazi haikukaa. Anatafuna upande mmoja. Fizi inatoa usaha. Kofia imechomoka akila muhogo. Amerudi kliniki akaambiwa, "Mama, utazoea tu." Sasa anataka pesa yake.

Wengi wanatarajia nianze na bei. Mimi naanza kwa kuuliza: hiyo kofia bado iko mdomoni?

Katika madai ya meno kielelezo kikubwa kimo kinywani mwa mdai mwenyewe, na anayekifuta mara nyingi ni daktari wa pili, kwa nia njema kabisa. Anaitoa kofia, anasafisha, anaziba upya, mgonjwa analala usingizi wa kwanza baada ya wiki nzima, na kesi inabaki ya maneno matupu. Sisemi ukae na maumivu ili umridhishe wakili. Shavu likivimba au homa ikipanda, katibiwe leo hii. Lakini kabla mashine haijagusa jino, mwombe daktari wa pili apige eksirei, apige picha za kawaida hata kwa simu, na aandike alichokikuta: jino namba ngapi, kofia imeacha mwanya wapi, dawa ya mzizi imefika wapi. Kitakachotolewa usiache kitupwe. Kitie kwenye kikopo, andika tarehe, kaa nacho.

Hiyo namba ya jino ishike vizuri. Madaktari huyataja meno kwa tarakimu mbili: 36 ni gego kubwa la kwanza la chini kushoto, 46 ni mwenzake wa kulia. Linganisha faili, eksirei na mdomo wako mbele ya kioo. Halafu angalia risiti. Risiti nyingi za mashine ninazoletewa zimeandikwa neno moja, "huduma", na chini yake tuseme 1,750,000. Huduma ipi? Jino lipi? Kofia ya madini gani? Hakimu hawezi kukisia, na mwenye kliniki hana haja ya kumsaidia. Kwa hiyo siku ya kulipa dai risiti, ambayo kisheria ni wajibu wako pia kuidai, na uombe pamoja nayo karatasi ya makadirio inayotaja kila kazi na bei yake. Anayekunja uso ukimwomba karatasi hiyo, mimi nisingempa mdomo wangu.

Tuje kwenye lalamiko lenyewe. "Walinichaji ghali" peke yake haikufikishi mbali. Kama mlipatana bei na ukakubali ukiwa na akili zako, sheria ya mikataba, Sura ya 345, haikurudishii pesa kwa sababu jirani yako alilipa nusu. Mambo hubadilika pale mlipopatana laki tisa ikaja kuwa milioni na nusu, au ulipoahidiwa kofia ya kauri ukavishwa nyingine, au tangazo lilipodai jambo lisilo kweli. Hapo kuna uvunjaji wa mkataba, na pengine udanganyifu dhidi ya mlaji unaokatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Makubaliano ya namba hizi siku hizi yako WhatsApp. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unaweza kupokelewa mahakamani, ilimradi uonyeshe umetoka wapi na haukuchezewa. Usifute mazungumzo, na ukinunua simu mpya ile ya zamani usimpe mtoto achezee.

Uzembe ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Matokeo mabaya si lazima yawe uzembe. Mizizi ya magego imepinda, na tiba ya mzizi inaweza kushindwa hata mikononi mwa daktari hodari. Hata kile kisindano chembamba cha kusafishia mzizi kinaweza kukatika ndani bila mtu kufanya kosa. Mahakama zetu hupenda kurejea kipimo kilichotoka Uingereza katika kesi ya Bolam ya mwaka 1957: je, alichofanya daktari huyu kingekubaliwa na kundi la madaktari wenye ujuzi wa fani hiyohiyo? Uamuzi ule hauzifungi mahakama za Tanzania, ila wazo lake lipo. Tafsiri yake kwako ni kwamba bila daktari mwingine wa meno wa kusema "hivi sivyo", huna kesi ya uzembe, hata kama unalia kizimbani. Na madaktari wa meno katika mji wa ukubwa wa Tanga wanajuana, wengine wamesoma darasa moja. Ndiyo maana mara nyingi humshauri mteja apande basi aende Dar es Salaam kuandikiwa ripoti na mtu asiye na urafiki na upande wowote. Nauli ile nayo utaidai, tunza tiketi.

Kile kisindano cha mzizi kukatika ni bahati mbaya. Kukatika halafu usiambiwe, ukavishwa kofia juu yake na kutozwa bei kamili, ni jambo linalonifanya nifungue jalada.

Vivyo hivyo ridhaa. Chini ya magego ya taya la chini hupita neva inayoupa mdomo hisia zake, na kung'oa gego la mwisho kunaweza kuigusa, mdomo ukabaki na ganzi kwa miezi au zaidi. Hilo linajulikana kitaalamu, kwa hiyo ulipaswa kuelezwa kabla. Kliniki itatoa fomu yenye sahihi yako. Mimi nitauliza ulisaini saa ngapi: kabla ya sindano ya ganzi au baada? Kwa lugha gani? Fomu ya Kiingereza aliyopewa bibi wa Pangani akiwa tayari amelazwa kwenye kiti ina uzito mdogo kuliko kliniki inavyodhani.

Faili lako unaruhusiwa kuliona. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kufikia taarifa zake zinazoshikiliwa na mwingine, na taarifa za afya zimo. Andika barua fupi, ya adabu, uombe nakala ya faili na eksirei. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea, urudi nayo. Usitaje kesi kwenye barua hiyo. Faili likisikia neno "wakili" huweza kupata homa.

Kisha kuna swali la nani wa kushtakiwa. Tanga tunasema waja leo waondoka leo, na kuna madaktari wa hivyo: anakuja mwisho wa mwezi, anafanya kazi kwenye kliniki ya mtu, Jumapili jioni yuko Kange anasubiri basi. Usihangaike kumfukuzia. Kama ulilipa kliniki na kliniki ndiyo iliyokupangia daktari, kwa kawaida namuunganisha mmiliki na daktari katika madai yaleyale. Na kwa kuwa tukio limetokea Tanga, shauri linaweza kufunguliwa Tanga, popote anapoishi daktari.

Watu wakikasirika mguu wa kwanza huwa polisi. Mara nyingi ni safari ya bure, kwa kuwa mgogoro wa kazi mbaya ni wa madai. Polisi wanahusika pale "daktari" anapokuwa si daktari, yaani fundi aliyejifunza kutengeneza meno ya bandia akaanza kuchoma ganzi na kung'oa. Kufanya kazi hiyo bila usajili ni kosa la jinai. Kwa aliyesajiliwa, mlango ni Baraza la Madaktari Tanganyika, linaloendeshwa chini ya sheria ya wanataaluma wa afya ya mwaka 2017. Linaweza kumwita daktari, kumwonya, hata kumwondoa kwenye daftari. Pesa halikupi. Hata hivyo barua ya Baraza huwafanya watu wakae mezani haraka kuliko barua yangu, nakiri bila wivu.

Pesa iko mahakamani au kwenye maelewano. Thamani ya kazi ya meno ya kawaida haipiti uwezo wa Mahakama ya Wilaya, na Kiswahili ndicho lugha ya mahakama tangu marekebisho ya 2021. Ila ukitibiwa hospitali ya serikali, ni lazima utoe notisi ya siku 90 na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na shauri linakwenda Mahakama Kuu. Muda nao unakimbia: Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inatoa miaka 3 kwa madai ya uzembe na 6 kwa ya mkataba. Asiye na uwezo wa kulipa wakili awaone wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Watamsaidia kuandika barua na kumwelekeza pa kwenda.

Mengi ya haya huishia kwa kliniki kurudisha sehemu ya pesa au kulipia matengenezo kwa daktari utakayemchagua wewe. Wakikuletea hati ya maelewano, tafuta ule mstari unaosema "hatakuwa na madai mengine yoyote ya sasa wala ya baadaye". Kama jino la kupandikiza halijashikana na mfupa, au daktari wa pili bado anaifuatilia fizi, usiusaini. Omba waandike kwamba maelewano yanahusu jino namba fulani na gharama hadi tarehe fulani, na pesa iingie benki kabla kalamu haijagusa karatasi.