Hakuwa mzee wa pombe

Tulimzika Jumamosi, na tangu tutoke makaburini kuna neno limenikaa kooni. Chini ya turubai, jamaa mmoja alikuwa akimweleza mgeni marehemu ni nani: "Huyu ndiye yule mzee wa pombe." Hakusema kwa ubaya, na waliokaa karibu wakatabasamu. Mimi, aliyenifundisha kutengeneza mvinyo wa asali hapa hapa Tabora, nikanyamaza. Msibani si mahali pa kubishana. Basi nisemee hapa, na jina lake naliacha kwa familia yake.

Mzee alikuwa hanywi. Alionja, akasukutua, akatema kwenye kopo tupu la maziwa, akaandika kwa penseli. Mwonjaji anayemeza, akifika bilauri ya tano hajui tena anaonja nini.

Wengi wakisikia kilevi cha asali wanafikiria wanzuki, ambayo huchachuka siku chache na kunywewa ingali na povu. Mvinyo ni ndugu yake, ila tabia mbalimbali. Asali iliyoiva, yenye maji yasiyozidi asilimia 18 hivi, haichachuki. Sukari ni nyingi mno, chachu inakauka na kulala. Ichanganye kilo 1 kwa maji lita 3, chachu inaamka, na ikimaliza sukari yote unapata kilevi cha karibu asilimia 12. Tatizo ni njaa. Juisi ya zabibu, kama zile za Dodoma, huja na naitrojeni yake, kirutubisho ambacho chachu inakihitaji mbali na sukari. Asali ina kidogo sana. Ndiyo maana mvinyo wa asali husimama njiani, na chachu yenye njaa hutoa harufu ya mayai viza. Neno naitrojeni Mzee hakuwa nalo. Alikuwa na kijiko cha chavua kutoka kwenye masega, na subira ya miezi sita. Aliyemletea hamira ya maandazi aliulizwa kama anataka mvinyo au mkate.

Lakini kipaji chake hasa kilionekana mlangoni, ndoo inapofika. Warina wengi hurina usiku kwa kienge, mwenge wa kufukuzia nyuki, na moto ukizidi, asali inabeba moshi. Kwenye chai hutausikia sana. Chachu, hata hivyo, hula sukari, moshi haili. Utamu ukishaondoka, moshi unabaki peke yake kama mgeni ambaye wenyeji wameshalala. Mzee alifunua, akanusa, akafunika. "Rudi nayo, mwanangu. Wapo watakaoinywea chai."

Aliitenga pia asali ya maua ya mti wa mtundu, ya mwisho wa mwaka, na ile ya mti wa muba tunayorina baada ya masika. Kila moja ichachuke kivyake kwanza, alisema. Hilo sikuwahi kukubaliana naye, na hata sasa sikubali: zikikutana mapema zinapatana vizuri zaidi. Tumebishana hivyo miaka.

Jumanne alikuja mrina kutoka Sikonge na ndoo mbili. Ya kwanza safi. Ya pili nikafunua, nikasita, maana pua yangu si ya Mzee na mapipa yangu yako matupu. Nikamwomba anuse mwenyewe. Aliinama kitambo, kisha akaifunika bila neno na kuifunga tena nyuma ya pikipiki.