Jiwe la Bismarck, dakika mbili za jua na dada wa gauni la njano: tunayoyaamini watu wa kamera

Jua la Mwanza huchelewa kuzama. Dar es Salaam watu wameshawasha taa, sisi huku ukingoni mwa Ziwa Victoria bado tuna mwanga wa karibu nusu saa, maana saa tunayoifuata ni ileile ila tuko magharibi zaidi. Jioni nyingi linagusa maji mnamo saa moja kasorobo, nyuma ya Jiwe la Bismarck, lile jabali lililokalia mawe wenzake kana kwamba kuna mtu alilipanga. Mimi hufika saa kumi na moja na nusu, tripodi begani. Wenye simu hufika jua likiwa limebakiza vidole viwili, wamependeza. Hapo ndipo manung'uniko yetu huanza, na mengi kati ya hayo tumeyarudia mpaka tumeyaamini.

“Hawa wa Insta wametuvamia sehemu yetu.”

Yetu tangu lini? Kabla sijamiliki kamera, maharusi walikuwa wakisimamisha msafara hapa, shela inapeperuka na matroni anakimbizana nayo. Na kama kuna mvamizi, basi sisi ndio tuliomwonyesha njia. Kila mmoja wetu aliyeposti jiwe tupu na anga jekundu, jina la mahali limeandikwa juu, alitoa kadi ya mwaliko. Kule Marekani, bodi ya utalii ya Jackson Hole, Wyoming, ilianzisha kampeni mwaka 2018 kuwaomba wageni wasitagi mahali hasa walipopigia picha. Kwa Bismarck ombi kama hilo lingekuwa kichekesho: jiwe liko mjini, karibu na kivuko cha Kamanga, na hakuna dereva wa bajaji asiyelijua. Lakini maporomoko madogo yaliyo ndani ya shamba la mtu, ambayo njia yake inapita katikati ya mihogo, hayo mimi siyataji. Mwenye mihogo hakuomba wageni.

“Saa ya dhahabu ni saa nzima. Subirini zamu yenu.”

Hili tunawaambia sana wale wenye simu, na hata wapiga picha chipukizi hulikariri. Jina ndilo linalodanganya. Wapiga picha huhesabu mwanga wa dhahabu tangu jua likiwa nyuzi 6 juu ya upeo hadi likiwa nyuzi 4 chini yake. Huku karibu na ikweta jua hushuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa. Piga hesabu: nyuzi 10 ni dakika 40 tu. Watu wa kaskazini ya mbali, kama Norwe wakati wa kiangazi, jua lao hutambaa kwa mshazari na mwanga huo hudumu masaa, ndiyo maana video zao za mafunzo zinakwambia usiwe na haraka. Ukizifuata Mwanza utarudi nyumbani na picha za giza.

Na jua lenyewe? Kutoka ukingo wake wa chini ugusane na maji mpaka wa juu utoweke ni dakika mbili na sekunde chache. Ni hizo dakika mbili tunazogombania. Hatugombanii jiwe.

Siku moja katika dakika hizo alipanda dada mmoja wa gauni la njano, viatu mkononi, akasimama mbele ya lenzi yangu sawasawa. Rafiki yake alikuwa amechuchumaa na simu. “Rudia, nimefumba macho.” Akarudia. “Hii imeonyesha mkono mnene.” Akarudia. Jua likawa chungwa nusu, likawa ukucha, likaisha. Nyuma yangu mzee mmoja wa kamera akafyatuka: “Nyie watoto hamna adabu!” Yule dada akageuka, akatutazama wote wawili, halafu akakaa kitako palepale kwenye jiwe na kuanza kuvaa viatu polepole, kamba moja baada ya nyingine.

“Bila kufokewa hawasikii.”

Sijawahi kuona kufoka kukimwondoa mtu kwenye jiwe. Nimeona kukimfanya abaki kwa makusudi, na kamba za viatu zile ni ushahidi. Nilichojifunza ni kuwahi kusalimia, kabla ya mwanga na kabla ya hasira. “Mambo dada, habari za jioni? Mnapiga mpaka saa ngapi?” Mtu uliyemsalimia saa kumi na mbili ni vigumu kukuziba saa moja kasoro.

Kuna na jambo la kifundi ambalo wengi hawalijui, pande zote mbili. Anayepozi na mimi hatuhitaji mwanga mmoja. Mimi nataka jua nyuma ya jiwe. Yeye anataka uso wake uonekane, na simu ikitazama jua usoni itafanya mojawapo kati ya mambo mawili: imgeuze yeye kivuli, au iunguze anga liwe jeupe kama karatasi. Jua likishatoweka, anga lote linakuwa taa moja pana na laini, na kwa dakika kumi na tano hivi ngozi inatoka vizuri, rangi ya anga ikiwa bado ipo nyuma yake. Huo ndio wakati wake. Siku hizi nawaambia hivyo: “Nipeni mimi jua, nyie chukueni linalobaki, mtanishukuru.” Wengine hucheka, wakidhani nawapiga changa la macho. Nawaonyesha kwenye simu yao wenyewe, picha ya jana na picha ya leo. Anayetaka jiwe na mwanga wa mbele kabisa, aje asubuhi, jua likitokea upande wa mji. Lakini nani anaamka asubuhi na vipodozi?

“Si ufute tu watu kwenye kompyuta?”

Nusu kweli. Ukifunga filta nyeusi, kile kioo cha kupunguza mwanga, na kuacha lenzi wazi kwa dakika moja au mbili, wapita njia hupotea, kwa sababu hakuna aliyekaa sehemu moja kiasi cha kuacha alama. Njia nyingine ni kupiga picha kumi au ishirini kamera isitikisike, kisha programu ichukue kwa kila nukta kile kilichoonekana mara nyingi zaidi. Zote mbili zinataka mtu atembee. Anayepozi hatembei, ndiyo kazi yake! Nina picha moja ambayo mtu ametoka kama pepo, miguu imara, kichwa moshi. Na zile programu za kufuta kwa kidole hukisia kilichokuwa nyuma ya mtu, kwa hiyo unabaki na jiwe ambalo halipo duniani.

“Wawekewe uzio.”

Wengine walishajaribu. Mwaka 2023 kijiji cha Hallstatt nchini Austria, chenye wakazi wasiofika 800, kilisimamisha ukuta wa mbao kuziba mahali pa kujipigia selfi ziwani. Kelele zikapigwa mtandaoni, ukuta ukaondolewa. Mei 2024 mji wa Fujikawaguchiko, Japani, ulitundika pazia jeusi la urefu wa mita 20 na kimo cha mita 2.5 ng'ambo ya barabara kutoka dukani, mahali ambapo Mlima Fuji ulionekana kana kwamba umekaa juu ya paa la duka. Wakazi walikuwa wamechoshwa na takataka na watu kuvuka barabara ovyo. Haukupita muda pazia likakutwa na matundu ya kupitishia lenzi. Agosti likashushwa kwa hofu ya kimbunga. Uzio ungewekwa Bismarck, wa kwanza kutoboa tundu ningekuwa mimi.

“Picha zao za uongo, zetu za kweli.”

Kweli, pale hekalu la Lempuyang, Bali, nchini Indonesia, lile “ziwa” linaloakisi lango ni kioo kinachoshikiliwa chini ya simu, na watu hupanga foleni masaa kulifuata. Lakini mimi nami nimeshainua fremu kidogo kuzikwepa chupa za maji zinazoelea chini ya jiwe. Sijawahi kuziandika kwenye maelezo ya picha.

Yule dada wa gauni la njano alinifuata nikikunja tripodi, viatu vimeshafungwa. Akauliza kama ametokea kwenye picha zangu. Nikamwonyesha kwenye skrini: kivuli cheusi kidogo, gauni limejaa upepo, na kwa mara ya kwanza jiwe linaonekana ukubwa wake halisi, kwa sababu kuna mtu wa kulipimia.

“Nitumie basi.”

Nikamtumia. Aliiposti usiku uleule, na juu yake akaandika: Bismarck Rock, Mwanza.