Vigae, ngoma na haki ya kunyamaza

Kazi yangu ni kufundisha wawezeshaji wa sanaa shirikishi, wale wanaokaa na manusura wa vita wakichora, wakipiga ngoma au wakiigiza pamoja. Karibu wote huja na swali moja: tufanyeje ili watu wafunguke? Huwa nawaomba waliweke kando kwanza, maana swali hilo limeumiza watu.

Aliyepitia vita alinyang'anywa uamuzi. Wengine ndio walioamua akimbie lini, alale wapi, nani katika jamaa zake abaki hai. Bunduki zikishanyamaza, mwili huendelea kujihami kwa miaka: mlango ukibamizwa moyo unaenda mbio, usingizi unakatika, harufu ya moshi inamrudisha kulekule. Ukimsukuma mtu wa namna hii asimulie mbele ya kikundi, umemnyang'anya uamuzi kwa mara nyingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, uliotolewa 2011, unasema wazi kwamba mtu asishinikizwe kueleza yaliyomkuta.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Rugerero nchini Rwanda, karibu na Gisenyi, jirani kabisa na Goma. Pale palikuwa na kaburi la pamoja la waliouawa katika mauaji ya kimbari ya 1994, saruji tupu isiyo na heshima yoyote. Mwaka 2004 alifika msanii Lily Yeh, Mmarekani mzaliwa wa China, na pamoja na manusura wa pale wakalijenga upya likawa mahali pa kumbukumbu, limepambwa kwa vipande vya vigae vya rangi. Wanakijiji wenyewe walijifunza kazi hiyo.

Hebu ifikirie kazi ya vigae ilivyo. Unavunja kigae kwa nyundo. Unachagua kipande, unakigeuza, unakijaribisha, unakibandika kabla saruji haijashika. Ni maamuzi madogo yasiyohesabika, yote ya kwako, na hakuna anayekuuliza habari za 1994. Mwenzako yuko pembeni, macho yenu yote yako kwenye ukuta, kwa hiyo neno likija linakuja lenyewe, na lisipokuja kazi inaendelea. Tena kuna jambo zito zaidi: mtu ambaye hakupata nafasi ya kuwazika wake sasa anawazika, kwa mikono yake mwenyewe. Sijui tiba ya maneno inayoweza kushika nafasi hiyo.

Ngoma nayo ina njia yake. Huko Huye, kusini mwa Rwanda, mwaka huohuo wa 2004, Odile Gakire Katese alianzisha Ingoma Nshya, kikundi cha wanawake wapiga ngoma, katika nchi ambayo ngoma kwa mila ilikuwa ya wanaume. Walikutana humo wanawake waliofiwa na wanawake ambao jamaa zao walihusika katika mauaji. Ngoma haidai kwamba msameheane kwanza. Inadai umsikilize wa kulia kwako, maana ukimpuuza mdundo unaharibika na kila mtu anasikia.

Lakini msiipe sanaa kazi isiyoiweza. Anayezungumza habari za kujiua anahitaji kliniki leo, na mwezeshaji ambaye hajui ampeleke wapi asianze kabisa. Kipindi cha maombolezo, kama Aprili kule Rwanda, hata aliyekuwa ametulia anaweza kuanguka akipiga kelele, hivyo mshauri nasaha awepo karibu. Kamera nazo zikae nje. Nimechoshwa na miradi inayotaka machozi ya picha kabla ripoti haijaisha.

Na kabla penseli hazijagawiwa, kubalianeni kazi itakuwa ya nani. Mchoro ni wa aliyeuchora. Akitaka utundikwe, utundikwe. Akitaka kuuchana mbele yenu, mpeni nafasi auchane, na msimuulize ulikuwa mchoro wa nini.