Mizani Inayosoma Mpaka Gramu, Je, Inasema Kweli?

Muuza dagaa mmoja alinionyesha mizani yake mpya ya kidijitali kwa furaha. "Hii haina janja, kaka. Inasoma mpaka gramu." Nikatoa jiwe la kilo 1 ninalotembea nalo kazini, nikaliweka katikati ya sahani. Kioo kikaandika 1.046. Nikalitoa, nikalirudisha: 1.046. Mara ya tatu ikawa 1.046 vilevile.

Mama aliyekuwa anasubiri kupimiwa akasema, "Si umeona, haibadiliki." Ni kweli haikubadilika, ila ilikuwa inakosea. Aliyelipia kilo moja pale alikuwa anaondoka na gramu 956 hivi, na muuzaji mwenyewe hakujua.

Katika kazi yetu ya vipimo tunatenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya kila siku. Mizani kurudia jibu lilelile ni jambo moja, jibu hilo kuwa la kweli ni jingine. Kosa la mizani ya dagaa lilikuwa jepesi kulitibu, maana lilikuwa moja siku zote. Fundi mwenye leseni hulirekebisha. Inayonitia wasiwasi zaidi ni ile inayotoa 1.010, kisha 0.985, kisha 1.030 kwa jiwe hilohilo. Hiyo imechoka ndani, na kila mteja anapata bahati yake.

Kuna na suala la mgawanyo, yaani hatua ndogo kabisa ambayo kifaa kinaweza kuionyesha. Karati moja ya madini ya vito ni gramu 0.2, kwa hiyo tanzanaiti ya karati 2 ina gramu 0.4 tu. Iweke kwenye mizani inayohesabu gramu mojamoja, kioo kitabaki sifuri. Mizani hiyohiyo inatosha kabisa kwa nyama. Ile ya saa nayo, yenye mshale, isome ukiwa umesimama mbele yake. Ukichungulia kwa pembeni mshale utauona kwenye mstari wa jirani.

Hata mahali mizani ilipo pana uzito wake katika jambo hili. Mizani ya kielektroniki haipimi kilo moja kwa moja: inahisi jinsi mzigo unavyoikandamiza, kisha inabadili mkandamizo huo kuwa kilo. Nguvu ya mvutano wa dunia hupungua kadiri unavyopanda juu. Mizani iliyorekebishwa Dar es Salaam, ikipelekwa Mbeya, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, itaonyesha gunia la kilo 100 limepungua makumi ya gramu, na hakuna aliyechota hata punje. Mizani ya mawe haina tatizo hili, kwa sababu mvutano unaovuta mzigo ndio huohuo unaovuta jiwe upande wa pili. Ukihamisha mizani ya kielektroniki kwenda mbali, ihakikiwe upya huko huko kabla ya kuitumia.

Na nyumbani, tafadhali: dawa ya maji ya mtoto isipimwe kwa kijiko cha jikoni. Kijiko cha dawa ni mililita 5, vya jikoni kila kimoja kina ujazo wake. Tumia kipimo kilichokuja na chupa au bomba la sindano lisilo na sindano.

Unapokwenda kununua, angalia sahani ikiwa tupu: kioo kinasoma sifuri? Tafuta stika ya Wakala wa Vipimo, usome na mwaka, kwa kuwa mizani ya biashara huhakikiwa kila mwaka. Ukiwa na shaka, omba mzigo upimwe mara ya pili, ukiwa umewekwa upande mwingine wa sahani.

Mizani ya yule ndugu ilirekebishwa. Niliporudi tuliweka jiwe katikati, kisha kwenye kila kona ya sahani. Kona tatu zilisoma 1.000, ya nne 1.001. Nikabandika stika.